Chumvi Kidogo

Alinigusa. Tuanzie hapo.
Sitaki mtu aseme Mbeyu hakunigusa.
Kiwiko chake kilipita ubavuni mwangu
kama mtu anayepita mlangoni akaligusa pazia
na asijue ameligusa.

Lililobaki niliongeza mimi:
mikono juu, shingo nyuma,
ukelele wa paka aliyekanyagwa mkia,
na saruji ya uwanja wa Shela
ikanipokea mgongo kwa kishindo
nilichokifanyia mazoezi wiki tatu
juu ya godoro la bibi.

Kocha Ngowa ndiye aliyetufunza.
Zamani alikuwa akikusanya gilasi katika baa ya Mtaliano,
na kila Jumapili, kwenye televisheni juu ya friji,
aliwaona wanaume wenye bei ya mamilioni
wakifa na kufufuka
kabla barafu haijayeyuka mezani.
"Refa ana macho mawili," alituambia,
"na uwanjani mko kumi. Msaidieni kuona."

Wala haukuwa uongo mtupu.
Robo nzima ya tatu Mbeyu alinishika jezi
kwa vidole viwili, chini, kiunoni,
mahali firimbi isikofika.
Nilisimama wima kama nguzo ya stima,
na nguzo ya stima nani huitazama
ila siku ikianguka?
Basi nilipoanguka
nilikuwa nadai deni la haki
kwa risiti ya kughushi.

Firimbi.
Mezani, kijana mwenye kalamu nyekundu
akaandika: namba nane, madhambi ya tano.
Ndivyo watangazaji wanavyoyaita, madhambi.
Nami nimelala pale chini, jicho moja wazi,
nayatazama yangu
yakiandikwa mbele ya jina la mwingine.

Mbeyu hakubisha.
Laiti angebisha!
Alinijia, akanishika mkono, akanipangusa vumbi la bega,
kisha akaenda kuketi, taulo kichwani.

Mitupo miwili. Wa kwanza ukagonga chuma.
Wa pili ukazunguka, ukafikiri, ukaingia.
Tulishinda kwa pointi moja.

Siku hizi wasichana wa Muyeye huniuliza,
wakinionyesha magoti yao mabichi:
dada, kutia chumvi kidogo ni wizi?
Huwa nafunga kamba za viatu kwanza.
Kuna chumvi ya mchuzi, nataka kuwaambia,
na kuna chumvi ya kumkausha papa,
ukitia hiyo huwezi tena kujua
samaki alikuwa na ladha gani.
Lakini zote mbili hutoka gunia moja,
na mkono ukiwa gizani haupimi.
Sijawahi kuwaambia. Huwaambia: rukeni kamba, mia moja.

Kesho yake, saa nne asubuhi, hodi.
Mbeyu, ametoka Mambrui kwa bodaboda,
amevaa sare ya kwaya, limau tatu kwenye mfuko.
"Sikulala," alisema. "Nimekuvunja?"

Refa nilimtaka adanganyike.
Mashabiki, meza, kijana na kalamu yake, sawa.
Huyu sikumpangia.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni,
alifurahi kupata mgeni mwenye adabu.
Akachemsha maji. Akaleta kopo lake la chumvi ya mawe,
akamwaga konzi, akaonja kwa ncha ya ulimi,
akaongeza nyingine.
Mbeyu akakunja mikono ya sare,
akachovya kitambaa, akakikamua
kwa vidole vilevile viwili na vingine vitatu.

"Ni hapa?"

Ilinibidi nichague mahali.

"Juu kidogo," nikasema.
Akabonyeza, polepole, ameshika pumzi.
Nami nikaguna,
si sana,
kiasi cha mtu anayeumwa kweli.